Kilichoua Betri za Lori

Mume wangu alifariki Jumamosi asubuhi, na kufikia Jumatatu ukoo wake wote ulikuwa ukiniuliza jambo moja: lori linawaka?

Hawakuuliza kwa sababu ya mali. Mume wangu alikuwa amesema, mbele ya mama yake na mbele yangu, kwamba atarudi nyumbani ndani ya lori lake mwenyewe. Alisema hivyo wakati bado aliweza kuketi kitandani bila kushikiliwa. "Msinipakie kwa gari ya kukodi kama mzigo wa mtu mwingine," alisema. "Mimi niko na gari." Mama yake aliitikia, nami nikaitikia. Nyumbani kwao ni mbele kidogo ya Sondu. Sisi tulikuwa tukiishi Otonglo, na lori lilikuwa limeegeshwa kando ya nyumba tuliyopanga, hatua chache kutoka barabara ya Busia. Mazishi yalipangwa Jumamosi iliyofuata. Mwili ungetoka mochari ya mjini siku ya Ijumaa.

Kuna jambo ambalo kila mtu wa huku analijua bila kufundishwa. Gari lililobeba maiti likizimika na kukataa kuwaka, watu hawasemi gari limeharibika. Wanasema marehemu amekataa. Wanashuka, wanasimama kando ya barabara, wanaanza kuulizana ni nani aliyemuudhi. Wakiulizana hivyo, macho ya kwanza huenda kwa mke.

Nilijua lori haliwaki. Nilijua pia kwa nini. Duniani nilikuwa peke yangu niliyejua.

Lilikuwa lori la tani saba, la dizeli, kuukuu lakini lenye nguvu. Lilibeba magunia ya omena, dagaa wa ziwani, kutoka Dunga hadi Kericho na kurudi na viazi. Lori kama hilo lina betri mbili za volti kumi na mbili, zimeunganishwa kwa waya mfupi ili ziwe ishirini na nne. Moja ikilala, nyingine haifanyi kitu. Haya yote nilifundishwa na mume wangu, maana shuleni niliishia darasa la nane na sikufundishwa betri.

Alipoanza kuvimba miguu, kisha kukosa pumzi, aliacha kuendesha. Daktari alisema ni moyo. Akawa mtu wa kitanda, mchana na usiku, chini ya mabati. Jua la Otonglo likishapanda, chumba kile kilikuwa kama jiko. Halafu transfoma ya mtaa ikaungua, tukakaa wiki kwa wiki bila stima. Alikuwa akifungua mdomo kama samaki aliyetupwa mchangani. Alikuwa akiniangalia, haniombi kitu, ananiangalia tu.

Kulikuwa na feni ndogo ya kutumia betri. Jirani alinipa. Siku ya kwanza nilichukua spana namba kumi na tatu, nikaenda kwenye lori kana kwamba naenda kufagia, nikafungua betri moja. Ni nzito kuliko mtoto wa miaka mitano. Niliiweka ndani ya karai, nikaifunika kwa leso, nikaiingiza nyumbani na kuisukuma chini ya meza nyuma ya pazia. Juu ya paa tulikuwa na kipande cha sola cha kuchajia simu, nikakiunganisha na hiyo betri. Kipande kile hakikuweza kurudisha kile ambacho feni ilikuwa ikichukua. Feni ilipoanza kuzunguka polepole, nilirudisha betri ile kwenye lori nikaleta ya pili. Nikafanya hivyo kwa zamu, mara nyingi sana. Transfoma ilipokuja kubadilishwa, betri zote mbili zilikuwa haziwezi hata kuwasha balbu. Nikazirudisha kwenye sanduku lake, nikakaza vichwa vya waya, nikaosha mikono. Nilijidanganya kwamba zikipumzika zitarudi.

Mume wangu aliamini kwamba feni inaendeshwa na sola. Kama angejua inakula lori lake, angeizima mwenyewe. Namjua. Ndiyo maana sikumwambia.

Lakini lipo baya zaidi. Kila Jumapili asubuhi aliniambia nikaliwashe lori, kwa sababu injini ya dizeli ikikaa bila kuwashwa inaharibika. "Washa, hesabu hadi mia mbili, zima." Mwanzoni nilikuwa nikiliwasha kweli. Betri zilipokwisha, nilikuwa natoka nje, nakaa ndani ya lori na ufunguo mkononi, nahesabu hadi mia mbili, narudi. Akiuliza, "Imewaka?" nasema imewaka. Akisema hakusikia, namwambia alikuwa amelala. Jumapili moja nilirudi nikamkuta anatabasamu. "Leo nimeisikia," akasema. "Imeitika vizuri." Lilikuwa lori la mtu mwingine lililopita barabarani likielekea Maseno. Nikasema ndiyo, imeitika vizuri.

Alikufa akiamini hivyo.

Shemeji yangu, mdogo wake, alifika Jumanne. Yeye ni dereva wa basi la shule huko kwao, na ndiye aliyepewa kazi ya kuendesha lori siku ya Ijumaa. Aliingia kwenye kiti, akazungusha ufunguo. Ilisikika tik moja, basi. Akazungusha tena. Hata ile tik haikuja.

"Zimelala," akasema. "Lakini si ulikuwa unaiwasha kila Jumapili? Kaka aliniambia kwa simu. Alikuwa anajivunia. Anasema mke wake ni fundi."

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli hapo. Mwili wake ulikuwa bado haujamaliza siku nne mochari. Nikasema, "Nilikuwa naiwasha. Mwisho mwisho ikaanza kusumbua."

Shemeji akatikisa kichwa kama daktari. "Basi si betri. Kama unaiwasha kila wiki na bado zinakufa, altaneta haichaji. Tukiweka mpya, itazimaliza pia. Tutalala Ahero na maiti."

Uongo wangu mmoja ulikuwa umezaa ugonjwa ambao lori halikuwa nao. Nilisimama pale nikiona jinsi ulivyoota, na sikufungua mdomo.

Jumatano tulipakia betri mbili kwenye tuktuk tukaenda nazo mjini. Mama mkwe alikataa kubaki. Alisema anataka kuona kwa macho yake kitu kitakachomrudisha mtoto wake nyumbani. Alikaa katikati, betri moja kati ya miguu yake, nyingine ikinigonga goti kila tulipopita tuta. Yeye huzungumza Kijaluo tu, na mimi huniita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwa sababu ndiko nilikozaliwa. Haya nayaandika kwa Kiswahili jinsi nilivyoyasikia.

"Hizi ndizo zinavuta lori lote lile?" akauliza.

"Hazivuti, Mama," akasema shemeji. "Zinaamsha tu. Ikishaamka inajivuta."

"Basi ni kama mama," akasema, akaangalia nje.

Pesa tuliyokuwa nayo ilitoka kwa akina mama wa kanisa, na ilitosha jambo moja tu. Tukitengeneza altaneta hatuna betri, tukinunua betri hatuna altaneta. Shemeji alisema kama mambo yote mawili yanahitajika, tuachane na lori, tukodi gari la maiti. Mimi nilihisi kama mtu anayezama huku akiwa amesimama.

Duka la kwanza karibu na soko la Kibuye lilikuwa la vitu vya sola. Muuzaji alituonyesha betri kubwa, nyeusi, ya kung'aa. Shemeji akaiinua kidogo aone uzito wake. Huku watu wengi huchagua betri hivyo, kwa mkono. Ikiwa nzito wanasema imeshiba.

"Hii imeshiba kabisa," akasema shemeji.

"Hiyo hata ukiwasha televisheni siku mbili, haichoki," akasema muuzaji. "Na nitawafanyia vizuri, kwa sababu ya msiba."

Mama mkwe akamwuliza muuzaji amejuaje kuna msiba. Muuzaji akasema, "Mama, watu wa furaha hawanunui betri wakiwa watatu."

Tulikaribia kuzinunua. Shemeji alikuwa ameshatoa simu alipe. Mimi ndiye niliyesema tuwaone kwanza mafundi wa nyuma ya kituo cha mafuta, kwa sababu mume wangu alikuwa akiwapelekea betri zake. Sikusema hivyo kwa busara. Nilikuwa natafuta njia ya kuchelewesha.

Fundi tuliyemkuta alikuwa mzee mwenye suruali iliyotobokatoboka kwa asidi, matundu madogo madogo kama yaliyochomwa na sigara. Alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda katikati ya betri zisizo na idadi. Shemeji alimweleza: lori la tani saba, betri zimekufa, tunataka kuweka mbili za sola, nzito, nzuri.

"Omera, ndugu yangu," akasema fundi, "wewe ni dereva au ni mhubiri?"

"Dereva."

"Basi sikiliza. Betri ya lori ni mtu wa hasira. Inapiga teke moja, kubwa, halafu inalala inangoja altaneta iilishe. Ya sola ni mtu mpole. Inatoa kidogo kidogo, kutwa nzima. Ukimwambia mpole apige teke, utasimama barabarani. Na ukimchukua huyu wa hasira umfanyishe kazi ya kutoa kidogo kidogo, unamuua. Mara chache tu, amekwisha. Haamki tena."

Nilishika ukingo wa meza yake ya vyuma.

"Sasa hizi mlizonazo," akaendelea, "lazima nijue kwanza zimeuawa na nini. Mimi siuzii mtu betri mpya kama sijajua iliyokufa imekufa na nini. Unazika moja, kesho unaleta nyingine."

Aliposikia alichosema, akatazama leso nyeusi ya mama mkwe, akaomba msamaha. Mama mkwe akamwambia aendelee na kazi.

Alifungua vifuniko vidogo vya juu, akaingiza kipimo cha kioo, akavuta maji ya asidi. Ndani ya kioo kuna kitu kinachoelea kama betri ina uhai. Kilizama mpaka chini. Akajaribu shimo la pili, la tatu, la sita. Akaziinamia na tochi ya simu.

"Sahani zimekuwa nyeupe. Zimeota chumvi. Hizi hazikuchemshwa, hazikuvimba. Hizi zimekamuliwa. Mtu amezikamua mpaka mwisho, zikaachwa, zikakamuliwa tena." Akainua uso. "Ni kama altaneta haichaji. Ama kuna waya unavuja."

"Ni altaneta," akasema shemeji. "Kwa sababu shemeji hapa alikuwa anaiwasha kila Jumapili, na bado zikafa."

"Kama ni hivyo, tafuteni gari nyingine," akasema fundi. "Hiyo altaneta ikishuka leo, kufika Ijumaa itakuwa bado iko mezani. Mimi nitawauzia betri, lakini nitakuwa nawaibia."

Shemeji akageuka kwa mama yake. "Mama, tumejaribu. Nitampigia mwenye gari la maiti."

Mama mkwe alikaza leso kichwani kwa mikono miwili, akaanza kuondoka kuelekea tuktuk, akitembea kama mtu aliyesahau kiatu.

Nikasema, "Altaneta ni nzima."

Shemeji akasema, "Umejuaje?"

"Kwa sababu lori halijawaka tangu mvua za kwanza. Sikuwa naiwasha. Nilikuwa namdanganya."

Nilisema yote. Sikuyapanga. Feni, karai, leso, spana, kuhesabu hadi mia mbili. Nilisema na lile la lori la mtu mwingine lililopita, na kwamba niliacha aamini ni lake. Mafundi wa jirani waliacha kugonga. Mama mkwe alikuwa amerudi, amesimama nyuma yangu, na sikujua alikuwa amesikia kuanzia wapi.

Shemeji alikunja uso taratibu. "Kaka alikuwa anakusifu kwangu," akasema. "Unajua hilo? Alikuwa anakusifu."

"Najua."

"Na jana mimi nakuuliza uso kwa uso."

"Ulikuwa unaniuliza uso kwa uso."

Alitema mate pembeni, akaenda kusimama karibu na ukuta. Sikumlaumu, na leo pia simlaumu.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza swali la pili. Aliniuliza kama anayeuliza bei ya nyanya. "Ilikuwa inamfikia?"

"Nini, Mama?"

"Upepo. Wa hiyo feni. Ilikuwa inamfikia usoni?"

"Ilimfikia. Niliiweka juu ya kiti, nikaielekeza kwake."

"Kutwa?"

"Kutwa. Mpaka betri iishe."

"Na ikiisha?"

"Nampepea na kifuniko cha sufuria, nangoja jua lijaze."

Akamgeukia fundi. "Sasa umejua zimeuawa na nini. Tuuzie nyingine."

Fundi alifanya kazi haraka baada ya hapo, na bila mzaha mwingi. Betri kubwa, zile zinazolifaa hasa lori la tani saba, hatukuweza kuzinunua mbili. Shemeji, akiwa bado ametuonyesha mgongo, alisema tununue moja kubwa, tutumie na ile ya zamani iliyo afadhali. Fundi akakataa. "Ukimweka mpya na mzee, mzee atamnyonya mpya. Baada ya siku mbili wote ni wazee. Hizi huwekwa pacha: aina moja, ukubwa mmoja, zimetoka kiwandani pamoja." Akatafuta, akageuza, akatusomesha namba zilizochorwa ubavuni ili tuone zinalingana. Alichotupatia mwishowe ni betri mbili mpya, ndogo kuliko zinavyotakiwa, lakini pacha.

"Hizi zitapiga teke mara tatu, labda nne, injini ikiwa baridi," akamwambia shemeji. "Ikikataa, usiendelee kuzungusha kama mwehu. Acha dakika tano zipumzike. Na ikishawaka, usizime mpaka mfike."

"Sizimi," akasema shemeji.

Tulirudi Otonglo, shemeji akitazama nje njia nzima.

Alhamisi wanawake wa kanisa walikuja kuosha sehemu ya nyuma ya lori. Walimwaga maji ya sabuni na ndimu, wakasugua mbao kwa mifagio, lakini harufu ya omena ilikuwa imeingia ndani ya mbao kwa miaka. Mmoja akasema ni aibu kubeba maiti kwa harufu ile. Mama mkwe akawaambia, "Wacheni inuke. Ndiyo kazi yake." Shemeji alifunga betri, akatumia makopo mawili yaliyopondwa kujaza nafasi ili zisitikisike, kwa sababu sanduku lilikuwa kubwa kwao. Lori liliwaka kwa jaribio la pili. Moshi mweusi ulijaa uwanja mzima. Niliingia nyumbani nikafunga mlango, nikakaa chini sakafuni. Ndiyo sauti niliyomkubalia mume wangu kwamba ameisikia.

Ijumaa tulifika mochari kabla ya saa nne. Shemeji aliacha injini ikinguruma kama alivyoambiwa. Mlinzi akaja mbio.

"Zima! Zima gari! Moshi unaingia kwa watu ndani!"

"Bwana, nikizima haitawaka."

"Basi toka nje ya geti nayo. Hapa kuna wengine pia wana maiti yao."

Hakukuwa na ubishi. Ilikuwa kweli, wengine walikuwepo. Shemeji alinitazama mara ya kwanza tangu Jumatano, akazima.

Kuvalisha, kutia sahihi, sala, kuimba, vilichukua zaidi ya saa moja. Jeneza likapakiwa. Mama mkwe alipanda nyuma na wanawake wengine, wakakaa kwenye viti vya plastiki kuzunguka jeneza. Mimi niliwekwa mbele kando ya dereva, kwa sababu mke ndiye anayekaa hapo, hata mke kama mimi. Shemeji akangoja hita ipashe injini, akazungusha. Injini ikaguna, ikaguna, ikanyamaza. Akajaribu tena. Ikaguna kidogo zaidi, ikashuka. Mara ya tatu ilikuwa kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi.

Kuimba kukakoma. Nikasikia sauti ya shangazi mmoja nyuma, wazi kabisa: "Amekataa."

Watu waliokuwa chini wakaanza kusogea karibu. Nilimwona mzee mmoja akivua kofia. Mwingine akasema, "Yawa, jamani, si mngemuuliza mke kuna nini." Hakusema kwa ukali. Ndivyo ninavyokumbuka, kwamba hakusema kwa ukali.

Shemeji aliondoa mkono kwenye ufunguo, akaangalia mbele. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, kuna lingine hujasema?"

Sijui kama alikuwa akiamini, au hasira ilikuwa bado inamla, au alitaka tu kujaza zile dakika tano. Nilikuwa nimeishiwa. Nikamwambia. "Nilimchoka. Miezi ya mwisho. Kuna siku niliketi ndani ya lori hili, nahesabu hadi mia mbili, nikatamani nikirudi nimkute amekwisha. Nikaanza kuhesabu upya ili nichelewe."

Shati lake lilikuwa limelowa kwapani.

"Mimi nilikuwa sipokei simu zake," akasema mwishowe. "Akipiga naona jina, naweka simu kwa meza, naigeuza. Alikuwa anaongea pole pole sana. Nilikuwa siwezi."

Nyuma minong'ono ilikuwa imepanda. Shangazi yule alikuwa akisema tuite mchungaji aje aongee na marehemu. Ndipo nikasikia kiti cha plastiki kikikwaruza mbao, na mama mkwe akasimama. Niliona kivuli chake kwenye kioo cha pembeni, ameshika ukingo wa lori kwa mkono mmoja na jeneza kwa mwingine. Yeye alijua kila kitu. Kama angetaka kuniweka mikononi mwao, ilikuwa neno moja tu.

"Hajakataa!" akapaza sauti. "Betri ni ndogo! Nilikuwepo zikinunuliwa. Fundi alisema zipumzike. Wacheni zipumzike!"

Watu wakanyamaza, labda kwa sababu hawakutegemea mama wa marehemu azungumze habari za betri. Mtu mmoja hata alicheka, kisha akajizuia. Mzee akarudisha kofia. Wakangoja, wote, kama wanaongoja chai ichemke.

Shemeji akatazama saa ya simu. Akangoja hita tena, muda mrefu, akazungusha. Injini ikaguna mara mbili, ikashika.

Sitasema liliwaka kwa sababu nilitubu. Watu wa kanisa niliowasimulia baadaye wanapenda niseme hivyo. Dakika tano zilikuwa zimepita, betri zilikuwa pacha, na fundi alikuwa amesema. Nililosema ndani ya lile lori halikusaidia injini, na mimi halikunipunguzia kitu. Lilikuwa kweli tu, na ndilo lililokuwa limebaki kusemwa.

Tulipita Ahero bila kusimama. Katito watu walikuwa wamejipanga kando ya barabara na matawi, shemeji akapunguza mwendo lakini hakusimama. Sondu ndiko msafara wote ulisubiriana, pikipiki mbele, magari nyuma, nasi tukasimama pale sokoni injini ikinguruma, na mguu wa shemeji haukutoka kwenye mafuta. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Hakulifuta. Mimi nilikuwa nikisikiliza injini tu, kila badiliko dogo, kama nilivyokuwa nikisikiliza pumzi.

Tulipoingia kwenye boma lao, kilio kilipanda mpaka sikuweza kuisikia injini tena. Vijana walilishusha jeneza, wakaliingiza nyumbani. Wanawake wakawafuata. Lori likabaki katikati ya uwanja likitetemeka, na sisi wawili ndani.

"Nizime?" akauliza shemeji.

Hakukuwa na mwingine wa kumjibu. Tangu Jumamosi nilikuwa na jambo moja la kuogopa, na lilikuwa limefika salama. Chini ya hofu hiyo kulikuwa na yale mengine, ambayo yangekuwa huko kesho, na kesho kutwa, na nilikuwa sijayatazama bado.

"Zima," nikasema.

Alizima, akashuka, akaenda kusaidia wenzake. Mimi nilibaki kwenye kiti. Nilijaribu kufungua mlango, mkono ukakataa. Sijui nilikaa muda gani. Ni mama mkwe aliyekuja kuufungua kutoka nje. Macho yake yalikuwa mekundu na leso ilikuwa imemwangukia shingoni.

"Shuka, Nyar Seme," akasema. "Watu wanakungoja."

Hakunipa mkono. Lakini hakuondoka mlangoni mpaka miguu yangu yote miwili ilipogusa chini.